Kuchezea Vita vya Waliokufa: Je, Tuna Haki?



Kuna swali ambalo limekuwa likizunguka katika mabweni yetu tangu muhula uliopita. Kwa kuwa majibu yanayotolewa ni ya haraka mno, nimeona nilijadili hapa jaridani kwa utulivu. Swali lenyewe ni hili: je, inafaa mapigano ambamo binadamu walikufa kweli yafanywe mchezo wa mezani?

Kwa wasiofahamu chanzo chake, sisi wanafunzi sita tunaopenda historia tumetengeneza meza ya vita. Ni mchezo wenye wafuasi wengi Uingereza, na mjomba wangu anayeishi huko alipokuja likizo alituletea masanduku mawili ya askari wadogo wa plastiki, kila mmoja na urefu wa sentimita mbili na ushei. Unawapaka rangi, unawapanga juu ya meza iliyotengenezwa mfano wa mahali halisi, na wachezaji wawili au zaidi wanajaribu kuamua upya pigano ambalo historia imekwisha kuliamua. Sisi tulichagua pigano la Tanga la Novemba 1914.

Askari wachukua siku mbili kuwapaka rangi. Ardhi ilituchukua wiki tano. Tulianza na ubao wa futi sita kwa nne. Lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni tulilikata kwa kisu, tukapata magenge ya Ras Kasone. Juu yake tulipaka gundi ya maji na kunyunyiza mchanga uliochekechwa, kisha rangi ya kahawia, kisha rangi nyepesi kwa brashi iliyokaushwa ili kingo za mawe zionekane. Unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani ukawa vichaka. Nyuzi za katani zikawa mapaa ya makuti. Waya wa umeme uliosokotwa ukawa mashina ya mipira, na karatasi iliyochanwa ikawa makuti ya minazi. Njiti za kiberiti zikawa mataruma ya reli.

Hiyo reli ndiyo iliyoanza kutufundisha. Mtu anayesoma kitabuni kwamba Wajerumani walishinda Tanga anaisoma sentensi na kuipita. Mtu anayegundisha njiti 300 za reli lazima ajiulize reli inatoka wapi. Inatoka Moshi, na ndiyo iliyomleta Paul von Lettow-Vorbeck na askari wake kabla ya shambulio kubwa la tarehe 4. Jenerali Arthur Aitken alikuja na watu wapatao 8,000 kutoka India, dhidi ya watu wapatao 1,000. Lakini kabla ya kushusha jeshi, nahodha wa manowari aliwatangulia mjini kutaka mji ujisalimishe, na muda huo wote treni zilikuwa zikipakia watu. Mkono ukishajenga mahali, akili haiwezi tena kusema kwamba ushindi ulitoka hewani.

Basi, kuna faida ya elimu. Hata hivyo, faida haimalizi swali la maadili, kwani yako mambo mengi yenye faida yasiyofaa.

Niyataje kwanza masuala mawili ya fiqhi, si kwa kuyatolea hukumu, bali ili msomaji asidhani tumeyaruka. La kwanza ni dadu. Mchezo huu kwa kawaida huchezwa kwa dadu, na hadithi zinazokemea mchezo wa nardi zinajulikana. Wanazuoni wengi wamezifahamu kuwa zinazuia michezo ya dadu hata bila kamari. Sisi hatutumii dadu. Tunatumia mwamuzi. Hili si jambo tulilolibuni: Waprusi waliokuwa wakifundisha maofisa wao kwa mchezo wa aina hii walifikia mwaka 1876, kwa kitabu cha Verdy du Vernois, kuacha majedwali na dadu na kumpa mwamuzi mwenye ujuzi mamlaka ya kuamua nini kingetokea. La pili ni vinyago. Wapo wanaokataza kabisa mifano ya viumbe wenye roho, na wapo wanaoruhusu vya kuchezea kwa kutegemea riwaya mashuhuri za wanasesere wa Bi Aisha (r.a.). Wenzetu wawili hawakuridhika na vinyago, nasi tukawachongea vibao vya mbao vya rangi mbili, kama walivyotumia Waprusi tangu miaka ya 1820. Anayetaka fatwa na amwendee mwenye elimu yake.

Lakini angalia: hata baada ya kuondoa dadu na vinyago, swali letu limebaki palepale. Kibao cha mbao nacho kinasimama badala ya watu waliokufa. Mtu anaweza kuwa amejiepusha na kila kinachokatazwa mezani, na bado akawa amewakosea adabu marehemu. Hapo ndipo ninapotaka tutafakari.

Pingamizi la kwanza tulilolisikia lilitoka kwa mzee mmoja anayesali msikiti wetu, aliyewahi kuwa mwanajeshi. Alituambia, "Wanangu, vita si mchezo. Mwenye kuviona haviiti mchezo." Vijana wengine walimjibu kwamba hata sataranji ni vita. Jibu hilo halitoshi. Mfalme wa sataranji hakuzaliwa na mama. Hana kaburi wala mjukuu. Pigano la Tanga lilikuwa na watu wenye majina, na makaburi yao yapo Tanga hadi leo. Mzee alikuwa akisema kwamba kuna vitu ambavyo kuvigeuza mchezo ni kuvipunguza uzito, na uzito ukishapungua moyoni, mkono nao unakuwa mwepesi. Historia ya mchezo huu inamuunga mkono kwa sehemu. Von Reisswitz alipompelekea mfalme wa Prussia meza yake mwaka 1812, na mwanawe alipoiboresha mwaka 1824, lengo halikuwa kuwafundisha watu huruma. Lengo lilikuwa kuwafundisha maofisa kushinda, na walijifunza.

Kwa upande wa pili yupo mwandishi Mwingereza, H. G. Wells, aliyetoa mwaka 1913 kitabu cha kanuni za vita vya sakafuni kwa askari wa kuchezea. Yeye alimalizia kwa hoja kwamba anayecheza vita vidogo mara tatu nne ataona jinsi vita vikubwa vilivyo mambo ya kijinga. Ni hoja nzuri. Mwaka uliofuata Ulaya ikaingia vitani, na vita hivyo vikatufikia hadi Tanga, Kigali na Tabora. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba mchezo peke yake humfanya mtu apende amani. Mchezo ule ule ulimnoa ofisa na ukamsikitisha mwandishi. Tofauti lazima iko mahali pengine, katika namna meza inavyotengenezwa na nia ya anayeitengeneza.

Nirudi mezani. Kutoka Ras Kasone hadi mjini Tanga ni kama kilomita tatu. Ukiziingiza katika meza yenye urefu wa mita 1.8, kila sentimita moja ni sawa na mita 17 hivi. Kwa kipimo hicho, askari wetu wa sentimita 2.3 anakuwa na urefu wa mita 38, yaani zaidi ya jengo la ghorofa kumi. Haiwezekani kuwa vingine, kwa sababu askari wa kipimo sahihi angekuwa na urefu wa milimita moja hivi tu. Basi nyumba moja inasimama badala ya mtaa, mnazi mmoja badala ya shamba, na kwetu sisi askari mmoja badala ya watu 40. Jeshi la Aitken ni vipande 200. La Lettow-Vorbeck ni vipande 25.

Kumbe kila meza ya vita ni uongo unaojulikana, kama ramani ilivyo uongo unaojulikana. Hakuna anayemlaumu mchoraji ramani kwa kuipaka bahari rangi moja. Tunamlaumu akifuta kijiji ili barabara ipite bila maswali. Kwa hiyo swali la haki ya mezani naliona hivi: ukiwa huna budi kuacha mambo mengi nje, ni nini ambacho huna ruhusa ya kukiacha?

Waingereza walipoteza Tanga zaidi ya watu 800, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Mezani ni vipande 20 tu. Unaviondoa kwa vidole viwili. Ndani ya jeshi lile walikuwamo Waislamu kutoka India. Miongoni mwa askari Waafrika wa Wajerumani walikuwamo Waislamu wengi pia. Watu wa kibla kimoja walipigana chini ya bendera mbili, na hakuna bendera hata moja kati ya hizo iliyokuwa yao. Wengine watasema huo ni uchungu wa zamani usiohusu mchezo. Mimi naona unahusu, kwa sababu mtu anayeketi upande wa kaskazini wa meza na kusema "Waingereza wangu" na "Wajerumani wangu" ameshawafuta waliokuwa wengi uwanjani. Tuliamua kila kikosi kiitwe kwa jina lake: Kashmir Rifles ni Kashmir Rifles, na kampuni ya askari ni kampuni ya askari. Ni jambo dogo, lakini mwanzo wa kumkosea mtu huwa ni kumwita kwa jina la bwana wake.

Hata nyuki wa Tanga wana somo. Milio ya risasi iliwatibua nyuki katika mizinga yao, wakawashambulia wanajeshi, na pigano likapata jina lake la utani. Kila anayetembelea meza yetu akisikia habari hiyo hucheka. Kucheka si dhambi. Ila ukiona watu wanakumbuka nyuki na hawakumbuki waliokufa, ujue kichekesho kimekuwa sanda.

Sasa nije kwenye suala lililotugawa zaidi. Mwenzetu mmoja alipendekeza kwamba baada ya Tanga tutengeneze Vita vya Kagera, vya 1978 na 1979. Hoja yake ilikuwa ya kimantiki: ni vita halisi, majeshi yalikuwa mawili yenye silaha, na ni historia yetu wenyewe kuliko ya Aitken. Kwa nini 1914 iruhusiwe na 1979 ikatazwe? Je, muda ndio unaohalalisha?

Wengi hujibu kwamba ndiyo, miaka mia ikipita damu hukauka. Sikubaliani. Muda hauna mamlaka ya kuhalalisha chochote. Dhulma ya mwaka wa kwanza ni dhulma hata mwaka wa elfu. Kinachobadilika ni haki ya wafiwa. Kwa pigano la 1914, hakuna tena mjane anayeweza kupita mlangoni akaona mumewe anaondolewa mezani kwa vidole viwili. Kwa 1979 wapo. Katika chuo hiki hiki wako wenzetu wa magharibi mwa Uganda ambao babu zao Waislamu waliuawa mwaka ule kwa kisasi baada ya serikali kuanguka, na hawakuwa wanajeshi. Wako Watanzania ambao wazee wao walifukuzwa vijijini Kagera au hawakurudi kutoka vitani. Haki ya kusema "chezeni" au "msicheze" ni yao kwanza, si ya mwenye meza. Sheria zetu zinajua jambo hili: kuna haki ambazo hakuna awezaye kuzisamehe isipokuwa mwenyewe aliyedhulumiwa au warithi wake. Naona adabu ya kumbukumbu inafuata njia hiyo hiyo.

Hapo mwenzetu mwingine, kaka kutoka Rwanda, alisema jambo lililotunyamazisha wote. Alisema: "Yapo mambo ambayo hata baada ya miaka elfu hayatawekwa mezani, kwa sababu mchezo unahitaji viti viwili. Nani atakaa kiti cha pili?" Hakuhitaji kufafanua. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 hayakuwa pigano la pande mbili. Ukiyapa meza, lazima mtu mmoja akae kiti cha muuaji na atafute njia ya kushinda, na kumwalika binadamu akae hapo kwa burudani ni kumtia unajisi. Basi tukapata vigezo viwili visivyofanana. Cha kwanza ni cha wafiwa, nacho hubadilika kadiri wanavyoondoka duniani au wanavyoridhia. Cha pili ni cha kitendo chenyewe, nacho hakibadiliki: penye upande usio na silaha unaowindwa, hapana mchezo. Kagera tumeiacha kwa kigezo cha kwanza. Mauaji ya halaiki, popote yalipotokea, yamezuiwa na cha pili.

Sasa, je, vita vya 1914 vinapita bila shida? Tanga yenyewe labda. Lakini Tanga ilikuwa mwanzo tu. Vita hivyo viliendelea katika nchi zetu hadi Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo lilipita Rwanda na Burundi na kuuteka mji wa Tabora. Katika safari zote hizo, wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, na kilichobaki kubeba unga, risasi na majeruhi ni kichwa cha mwanadamu. Wapagazi walichukuliwa Kenya, Uganda, Kongo, Nyasaland na Tanganyika nzima, mara nyingi kwa nguvu. Kwa makadirio yanayotajwa sana, waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakaribia laki moja, wengi wao kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu, si kwa risasi. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam na Kariokor la Nairobi ni jina la kikosi chao.

Fanya hesabu ndogo. Mpagazi amebeba kilo 25 za unga. Akila kilo moja kwa siku, akienda siku 12 na kurudi siku 12, ameula karibu mzigo wote na hakumfikishia askari kitu. Kwa hiyo ili jeshi lile, lazima ama wapagazi waongezwe maradufu, ama wapunguziwe posho. Jenerali aliyekaa mbele ya ramani alilijua jambo hili. Mara nyingi kilichopunguzwa kilikuwa posho.

Kanuni nyingi za mchezo huu huanzia pale jeshi linapokuwa limekwisha kufika uwanjani. Mpagazi ameshatua mzigo na kuondoka katika hadithi. Si kwa ubaya wa mtu. Ni kwa sababu mchezo wa jioni moja hautaki kuhesabu unga. Lakini hapa ndipo naona mpaka wa kile ambacho hatuna ruhusa ya kukiacha. Ukiacha nyasi, umerahisisha. Ukiwaacha waliokufa wengi zaidi kuliko wapiganaji, umeshuhudia uongo kuhusu vita vyenyewe. Na wajukuu wa waliofutwa ni sisi.

Kwa hiyo meza yetu ya pili ni ya safari, si ya pigano. Ni eneo la Mto Rufiji mwanzoni mwa 1917, wakati wa mvua kubwa. Mto ni vipande vya karatasi ya nailoni juu ya rangi ya tope, na unaongezwa upana kila mwamuzi anapotangaza mvua. Wapagazi wana vipande vyao, navyo ni vingi kuliko vya askari. Kila siku ya mchezo, mchezaji lazima aseme kwa sauti ni posho kiasi gani anawapa.

Dada mmoja wa kitivo cha uuguzi alicheza kama kamanda. Ni mtu mpole, mwenye kumpa paka wa bweni nusu ya chakula chake. Siku ya nne ya mchezo alikata posho nusu ili awahi kivuko. Mwamuzi aliondoa vipande. Akauliza, "Wangapi?" Akajibiwa, "Wapagazi watano." Akasema, "Watano tu? Basi tuendelee." Mwamuzi akamwambia kwa upole, "Dada, kila kipande ni watu 40." Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mia mbili. Na mimi nimesema tu."

Sikisimulii kisa hiki ili kumlaumu. Yeye mwenyewe ameniruhusu nikiandike. Nakisimulia kwa sababu kinabeba pingamizi zito kuliko yote, zito hata kuliko la mzee wetu. Mpinzani anaweza kusema: mmewaweka wapagazi mezani ili kuwaheshimu, na matokeo yake mmewaua mara ya pili, safari hii kwa mkono wa msichana mpole. Afadhali mngewaacha wapumzike.

Nimelifikiria pingamizi hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni hili. Meza haikumtia dada yule ugumu wa moyo. Ilimwonyesha, na ikatuonyesha sisi wote tuliokuwa tumeizunguka, kitu kilichomo ndani ya kila mwenye kupanga. Neno "tu" halikuvumbuliwa na Wajerumani wala Waingereza. Huja lenyewe pale mtu anapotazama watu kutoka juu, akiwa na lengo mbele yake na saa mkononi. Tulikuwa tumezoea kusema kwamba majenerali wa 1917 walikuwa wakatili kwa kuwa walikuwa wakoloni. Walikuwa wakoloni, na mfumo wao ulikuwa wa dhulma. Hilo halina mjadala. Lakini jicho lililosema "posho nusu" si la mkoloni peke yake. Linaweza kuwa langu.

Na hili, ndugu msomaji, linatuhusu kuliko Tanga na Rufiji. Sisi tuko chuoni kujifunza kukaa mbele ya meza. Mmoja wetu atakuwa mhandisi wa bwawa, na kwenye mchoro wake kijiji kitakuwa doti ya penseli. Mwingine atagawa dawa za wilaya, na zahanati ya mbali itakuwa mstari wa mwisho kwenye jedwali. Mwingine atakuwa mhasibu wa kiwanda, na watu watakuwa gharama. Hakuna kazi hata moja kati ya hizo inayofanyika bila kupunguza watu wawe alama. Kosa haliko katika alama. Kosa ni kusahau kipimo: kusahau kwamba kipande ni watu 40, na kwamba doti ina mama anayepika. Mahali salama pa kugundua kwamba ulimi wako husema "tu" ni mezani, penye watu wa plastiki, kabla hujakabidhiwa walio hai. Hapo mchezo si dharau kwa marehemu. Marehemu wanatufundisha, nasi tunakuwa na deni kwao.

Lakini nakiri, kwa haki ya mpinzani, kwamba jibu hili lina sharti. Kama baada ya mchezo tungecheka na kuhesabu pointi, angekuwa sahihi yeye. Faida yote iko katika kile kimya, na kimya hakijengwi kwa gundi. Kwa sababu hiyo tumejiwekea adabu chache, nami naziweka hapa zijadiliwe.

Kwanza, nia isemwe kabla ya kuanza: tumekuja kuelewa nini kilitokea na kwa nini. Pili, hakuna kundi la watu waliokuwapo litakaloachwa nje kwa sababu tu halina bunduki. Wenye mji, wapagazi na wanawake waliofuatana na askari katika safari zao wawe na nafasi. Tatu, hasara isomwe kwa idadi ya watu, kamwe si ya vipande. Nne, vita ambavyo wafiwa wake wangali hai visiguswe bila ridhaa yao, na mauaji ya wasio na silaha yasiguswe kabisa. Tano, adhana ikilia, jenerali anaamka kama wengine wote. Huenda hiyo ya mwisho ndiyo inayotukumbusha vizuri zaidi kwamba ukubwa wetu mbele ya meza ni wa kuazima.

Tulimpelekea mzee wetu adabu hizi. Alizisoma zote, akasema, "Bado mimi siipendi." Nikamwambia, "Sawa, mzee, hatukulazimishi." Akaongeza kwamba kama lazima tucheze, basi ya pili na ya tatu tusiziache. Naiona kauli yake kuwa ya haki. Si lazima kila mtu aridhike na meza hii, na moyo unaokataa kuiona vita kama mchezo ni moyo mzima. Ninachopinga ni kudhani kwamba kutocheza ndiyo kukumbuka. Wengi wetu hatujawahi kugusa askari wa plastiki, na bado hatujui babu wa babu yetu alibeba nini, kutoka wapi hadi wapi, na kama alirudi.

Nairobi kuna ukumbusho wa vita hivyo, wenye sanamu za shaba, na mmojawapo ni mpagazi. Maandishi yake, yakiwemo ya Kiswahili, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Ni heshima, na ni jambo jema kwamba iliandikwa. Ila miguu na mikono haina jina. Mwenye kumjua mmoja wao kwa jina, kupitia bibi au babu aliye hai, na amuulize likizo hii kabla hajaondoka, kisha aandike. Tunaweza kutengeneza magenge kwa povu na reli kwa njiti za kiberiti. Jina la mtu halina cha kutengenezea.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwaona watu hata pale wanapokuwa wadogo machoni petu. Wabillahi tawfiq.